Mji Wenye Saa Mbili za Kulala

Usingizi wa mtoto una masharti yake popote duniani, lakini Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, sharti la kwanza, yaani kukubaliana ni saa ngapi, halijawahi kutimia. Tanzania hufuata saa za Afrika Mashariki na Zambia hufuata saa za Afrika ya Kati, zilizo nyuma kwa saa nzima, hivyo mtoto wa Tunduma akiamriwa kulala saa tatu usiku, mwenzake wa Nakonde, hatua chache kutoka hapo, bado yuko saa mbili. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019, kiliwaweka wakaguzi wa nchi mbili chini ya paa moja. Saa zao kiliziacha kama zilivyokuwa. “Mama, Nakonde bado saa mbili” ni hoja ambayo mtoto huijua kabla ya kuijua ramani, na jibu la kawaida, “Basi nenda ukalale Nakonde,” lina udhaifu wa kisheria, kwa kuwa wengi wana shangazi huko.

Kisayansi, mtoto ana haki. Saa ya Tanzania imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Tunduma iko karibu na nyuzi 33, na kwa kuwa kila uzi mmoja hulichukua jua dakika nne, saa ya ukutani mjini hapo inalitangulia jua kwa karibu dakika 50. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, wakati ambao mwanafunzi anatarajiwa awe shuleni kwa mchakamchaka, yaani mbio za pamoja zinazoendeshwa kwa nyimbo, katika baridi isiyomhurumia mwenye kaptura. Anayeamshwa saa kumi na moja na nusu anaamshwa usiku, hata serikali ikiita alfajiri.

Hapo ndipo uzito wa mwili unapoingia. Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12, na kwa hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la tatu lazima awe amesinzia saa mbili na nusu usiku, wakati ambao taarifa ya habari haijaisha, tamthilia haijaanza, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo bado yanapigiana honi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa usingizi mfupi hupunguza leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kuwa chakula kimetosha, na huongeza grelini, homoni ya tumbo inayodai chakula. Grelini haijawahi kudai mchicha. Ikiamka saa nne usiku kando ya barabara kuu, ambako mabanda hukesha na madereva, inachokipata ni chipsi mayai na soda.

Mpinzani mkuu wa leptini, hata hivyo, ni bibi, ambaye humfunikia mjukuu sahani ya pili na kutamka kuwa mtoto “ananawiri”. Si haki kumcheka sana: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na bibi aliyezoea kuogopa wembamba hawezi kuanza kuogopa mashavu kwa sababu ya homoni asiyoiona.

Kisha ipo simu ya baba, ambayo usiku hunasa mnara wa Zambia na kujirudisha nyuma saa moja bila kumwarifu mtu, hivyo kengele hulia jua likikaribia kutoka. Siku hiyo mtoto amelala saa kumi kamili, kama wataalamu walivyotaka, na kwa sababu hiyohiyo anakosa uji, anapewa hela ya maandazi, anakosa mchakamchaka, kisha anang’oa nyasi kwa kosa la kuchelewa, adhabu inayorudisha mazoezi yaliyopotea. Baba huizuia simu isijibadilishie saa, na mpango huo hufanya kazi vizuri hadi Jumamosi anapovuka kwenda dukani Nakonde, akafika saa mbili ya Tanzania na kukuta mlango umefungwa, ikabidi asubiri saa nzima, saa ambayo mtoto aliyefuatana naye huitumia kula maandazi.