Kunyoosha Bodi Malindi: Mwongozo wa Mgeni

Gari likigongwa Malindi, usihangaike. Penye mwarobaini wa kivuli hapakosi fundi wa bodi, naye atakupokea kwa heshima zote: "Karibu, mkubwa." Ukishaitwa mkubwa, jua na bei imekua.

Atalizunguka gari polepole, aligonge kwa kidole, kisha aamue: "Hii ni kunyoosha tu." Yaani bati litapigwa nyundo mpaka likaribie umbo lake, na litakapogoma, fila itamalizia. Fila huchanganywa na hadina, na kwa joto la saa saba mchana huganda upesi. Ukimwona fundi anakimbia na kibati mkononi, usidhani anaharakisha kazi yako. Anaiokoa fila.

Inafaa ipakwe nyembamba, milimita chache. Lakini nenda kanywe dafu, urudi ukute mlango umenona. Beba sumaku ndogo. Ikinata, sawa. Ikidondoka mchangani, hapo ni fila tupu, na fundi atakueleza kwa utulivu kwamba sumaku yako ni feki.

Neno zito zaidi ni "kuchomelea". Magari ya Kilifi hayaliwi na ajali sana kama yanavyoliwa na kutu, na ukiwa na biashara kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni, sakafu ya gari itakuonyesha barabara mapema. Fundi mwema hukata bati bovu mpaka akute chuma kizima, achomelee kiraka, apake praima ndani na nje. Mwenzake hupaka fila juu ya kutu. Fila hunyonya unyevu, kutu inaendelea kula chini kwa chini, na baada ya masika moja rangi inavimba malengelenge. Tena, kabla ya cheche ya kwanza, waya wa hasi wa betri utolewe, usije ukaondoka na madigadi mpya na kompyuta ya gari marehemu.

Kisha rangi. "Ileile, bosi, hata mwenyewe hutaijua." Ni kweli: chini ya makuti hutaijua. Litoe gari juani uone mlango na boneti wanavyokana undugu.

"Kesho" ya fundi wa rangi, hata hivyo, usiidharau. Hewa ikiwa na unyevu, thina ikiruka haraka, rangi ya selulosi huota ukungu mweupe, kwa hiyo asubuhi ya mvua anayekataa kupuliza ndiye wa kumwachia ufunguo. Kagua tu kama taa zimefunikwa kwa gazeti na tepu. Zikiachwa wazi utazikuta nazo zimepakwa, na hizo hatakutoza.