Kazi Mbaya, Nafasi Nzuri

Ukitaka kujua mtu anavyoichukia kazi yake, mwambie aiache. Yule aliyelalamika tangu asubuhi kwamba ofisi inamzeesha, bosi hana shukrani na kiti kinamvunja mgongo, atakukazia macho: "Kwani nani anaitaka nafasi yangu?"

Mapenzi ya kazi serikalini yana majira. Tarehe 20 yamekauka. Mshahara ukiingia, hata faili lako lililopotea tangu mwaka juzi linaonekana, na chai unakaribishwa. Mei Mosi ndiyo masika yenyewe. Mwaka 2025, huko Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, sawa na asilimia 35.1. Ninaowajua mimi wenye vyeo vinono walishangilia kuliko mhudumu, huku wakizidisha mishahara yao kwa asilimia hiyohiyo kwenye simu. Neno "chini" halikuwafikia masikioni. Labda spika zilikuwa mbovu.

Siku iliyofuata koti la mmoja wao lilikuwa kazini mapema, limetundikwa kitini. Mwenyewe katoka kidogo. Acha namba yako.