Ugali Wangu Hauna Kesi

Siku hizi ukipiga miayo ofisini baada ya chakula cha mchana, hakuna anayekuuliza kama ulilala vizuri. Unasomewa mashtaka. "Umeshindilia ugali, damu yote imeshuka tumboni, ubongo umebaki mkavu!" Anayekusomea kamaliza sahani ya wali sasa hivi, macho yameshaanza kulegea, lakini hilo halimhusu. Nchi hii kila mwenye bando ni daktari wa mishipa.

Nyumbani ndiko kuna balaa lenyewe, maana huko nina shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, alikuja mjini kusubiri majibu ya usaili. Majibu hayajaja na yeye hajaondoka. Katika kusubiri huko ameamua kushughulikia ubongo wangu.

Sasa tuambiane ukweli. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini moyo huupelekea takriban asilimia 15 ya damu yote inayosukuma. Ni karibu mililita 750 kwa dakika. Ile chupa ya maji ya nusu lita ungeijaza kwa sekunde 40. Mkubwa wa namna hiyo hanyang'anywi mgawo na tonge la dona. Ni kweli ukila damu huongezeka tumboni, ila moyo nao huongeza kazi, na mishipa ya ubongo ina tabia ya kujitanua presha ikishuka na kujibana ikipanda, mradi mgawo usiyumbe. Usingizi wa saa nane mchana una mambo mengi, mojawapo ni saa ya mwili yenyewe. Hata aliyeshinda njaa husinzia muda huo. Wenye haki ya kuogopa ni wazee, ambao presha yao huweza kushuka wakishakula mlo mzito wa wanga, wakiinuka ghafla wanaona kizunguzungu. Mzee akishiba aachwe akae. Mimi bado, ingawa shemeji ameshaanza kunishika mkono nikiinuka mezani.

Lakini aliponigusa kwenye kahawa, hapo tulikosana. Jioni mzee wa kahawa akipita na birika lake juu ya makaa, vikombe vinagongana mkononi kling-kling, kashata ziko kwenye kopo la plastiki, mimi natoka. Nakaa kwenye benchi na wenzangu tunajadili serikali. Siku hiyo shemeji akanifuata hadi barazani, mbele za watu: "Shemeji, hiyo inabana mishipa ya ubongo!"

Kinachoudhi ni kwamba ana haki. Kafeini hukalia kiti cha adenosini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa na kuleta usingizi. Mtu akinywa miligramu 250 hivi za kafeini, damu inayokwenda kwenye ubongo hupungua kwa karibu robo. Karibu robo! Na bado ndiyo saa anayochangamka na kumkumbuka kila mtu anayemdai. Kwa hiyo damu kupungua kidogo si lazima akili nayo ipungue, na hilo daktari wangu wa bando halijui. Halafu aliyezoea akikatishwa ghafla, mishipa hutanuka na kichwa kinagonga. Waulize wanywaji siku za mwanzo za Ramadhani, saa tisa alasiri, uone watakavyokujibu. Basi mimi kwa kuihurumia mishipa yangu naendelea kunywa.

Badala ya kahawa niliandaliwa bitiruti. Friji yetu ilijaa bitiruti, nyanya zikahamia kwenye ndoo. Juisi yake ina nitrati nyingi. Bakteria wanaoishi kwenye ulimi huigeuza nitriti, kisha mwili huifanya naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa. Si hadithi: Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo mwilini. Sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kwa nini tusile mchicha, ambao nao una nitrati tele, na uko gengeni hapo nje, na hauhitaji blenda wala umeme.

Tena shemeji mwenyewe akishamaliza glasi yake hukimbilia bafuni kusukutua na ile dawa ya buluu ya kuua vijidudu mdomoni. Vijidudu vyenyewe ndio hao mafundi wa ulimini! Ananunua bitiruti kwa pesa yangu, anazisaga kwa umeme wangu, kisha anaua waliotakiwa kuifanya kazi. Nilinyamaza. Nilinyamaza hata alfajiri ile alipopiga kelele kutoka chooni, "Dada, nimekwisha, nakojoa damu!" Bitiruti hupaka mkojo rangi nyekundu kwa baadhi ya watu, na haidhuru kitu. Nilimwacha atubu kwanza.

Kakao nayo inasifiwa kwa kufungua mishipa, ila kakao yetu ya Kyela nyingi inapanda meli, na chokoleti inayorudi ni sukari tupu.

Kitu kinachoharibu kweli mishipa ya ubongo hakijatajwa hata siku moja pale nyumbani, kwa sababu kiko mezani, kwenye kopo lenye matundu. Chumvi hupandisha presha, na presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena pamoja na ile iliyokwishatiwa kwenye mkate na mboga. Shemeji hunyunyizia chipsi mayai kabla hajazionja. Nilimwambia akapime presha, zahanati iko mtaa wa pili. Akasema hana muda, ana bitiruti za kumenya.

Wewe mwenye muda, nenda kapime.