Kichwa Kizuri Kisicho na Ubongo: Mambo Saba Kabla Hujanunua Treni ya Dijitali

Shemeji yangu haelewi inakuwaje mtu mwenye ndevu ashinde Jumamosi nzima sebuleni akiendesha treni yenye urefu wa shibiri moja. "Na nauli hulipwi," husema. Nimemzoea. Juzi lakini alinipigia simu kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayetaka kukopa. Mwanawe anatimiza miaka kumi na miwili na ameomba kichwa cha treni cha dijitali. Je, anunue kipi? Nikavuta kiti. Miaka yote ya kejeli ilikuwa inalipwa siku ile.

Kwanza tuelewane. Kwenye treni ya mezani ya kawaida, umeme wa reli ndio usukani: ukiongeza volti, kila kichwa kilicho juu ya reli hiyo kinaongeza mwendo, kipende kisipende. Kwenye mfumo wa dijitali, unaoitwa DCC, reli ina umeme kamili wakati wote, na ndani ya umeme huohuo hupita ujumbe: kichwa namba fulani, ongeza mwendo, washa taa. Kila kichwa kina chipu iitwayo dikoda, inayosikiliza namba yake na kupuuza za wenzake. Kampuni ya Lenz ya Ujerumani ndiyo iliyobuni msingi wake, na chama cha Marekani cha NMRA kikaufanya kiwango cha wote katika miaka ya 1990. Ndiyo maana dikoda ya kampuni moja hutii rimoti ya kampuni nyingine, jambo ambalo watengenezaji wa chaja za simu walichelewa sana kulielewa.

Sasa tuhesabu kurudi nyuma.

7. Ukubwa

Ulaya bara na Marekani wengi hutumia H0, yaani moja kwa 87. Chukua reli ya SGR, ileile ya Mombasa hadi Nairobi, yenye upana wa milimita 1,435. Igawanye kwa 87, unapata 16.5, na huo ndio upana wa reli ya mezani. Hesabu safi. Hapa Uingereza tunapoishi wao wana OO, moja kwa 76, ila reli wameiacha ileile ya milimita 16.5. Treni zao halisi ni nyembamba, na mota za zamani hazikuenea ndani ya bodi ya H0, basi wakakuza bodi wakaisahau reli. Treni ya Mwingereza imevaa viatu vya mdogo wake hadi leo.

Kuna N pia, ya reli ya milimita 9. Hiyo ni ya wenye meza ndogo na macho mazuri. Dikoda yake unaipachika huku umeshikilia pumzi.

Mimi, moyo wangu uko kwa zile Garratt za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock na kupewa majina ya milima. Mount Gelai, namba 5918, bado imesimama Makumbusho ya Reli, Nairobi. Lakini zile ni za reli ya mita moja, na kwa skeli ya H0 zinadai reli ya milimita 12. Maana yake meza ya pili.

"Dada yangu ana habari ya hiyo meza ya pili?" shemeji akauliza.

Tuendelee.

6. Kona

Soma kwenye boksi kichwa kinahitaji kona ya nusu kipenyo gani. Kona ya kwanza ya Hornby, watengenezaji wa treni za mezani wa Uingereza, ni milimita 371, ya pili 438, na vichwa vingi vikubwa vya kisasa havitaki kuisikia ile ya kwanza. Kichwa kirefu kwenye kona kali ni semitrela ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe: kitaingia, ila utaitwa ukakitoe.

5. Mjerumani wa bei nzuri

Kwenye mnada wa mitumba utakutana na Märklin, kizito, kizuri, bei ya kuchekesha. Kigeuze uangalie tumbo. Ukiona kiatu kirefu cha chuma katikati, hicho kinachukua umeme kwenye nukta za chuma zilizo kati ya reli mbili, na magurudumu yake ya kushoto na kulia hayajatenganishwa kwa umeme. Kikanyage reli yako ya kawaida, ni shoti hapohapo. Kirudishe mezani kwa heshima.

Na muuzaji akikuambia kichwa cha zamani cha Hornby "kina dijitali tayari", uliza kama si Zero 1, mfumo wao wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulikuwa wa kijasiri kwa wakati wake, lakini hausikilizani na DCC.

4. Sauti

Hapa ndipo watoto na watu wazima wanapopoteza akili. Dikoda ya sauti inanguruma, inapiga honi, na ya treni ya mvuke hupumua sawasawa na mzunguko wa magurudumu. Raha tupu, kwa saa moja. Saa ya pili mama mwenye nyumba anauliza kama ina kitufe cha kuzima. Inacho, mwonyeshe mapema.

Dikoda ya kawaida huuzwa kama paundi 30, ya sauti mara nyingi hupita 100. Ushauri wangu: usinunue sauti siku ya kwanza, nunua nafasi ya sauti. Angalia kama ndani ya bodi kuna kishimo cha spika. Vichwa vya dizeli huwa navyo. Kile kidogo cha mvuke kilichojazwa chuma mpaka kwenye dohani hakina hata nafasi ya kuweka siri.

3. Neno "tayari"

Sasa nikamwambia shemeji ashike kalamu, maana hili neno limewaliza wengi. Kwenye maboksi ya Uingereza utasoma "DCC Ready". Mtu huona "tayari", akalipa, akafika nyumbani, akaweka kichwa kwenye reli ya dijitali, na hakuna cha maana kinachotokea. Kuwa tayari hapa ni kama nyumba ya kupanga ambayo "ina umeme": nyaya zimepita ukutani, soketi iko, ila taa ni juu yako. Kichwa kina pahali pa ubongo. Ubongo unauzwa kando.

Kinachokuja na ubongo wake huandikwa "DCC Fitted", na ndicho cha kumnunulia mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake anaogopa bisibisi.

"Siogopi," shemeji akasema. "Tunaheshimiana."

Ukichukua kilicho tayari, jua ni soketi gani iliyomo kabla ya kununua dikoda. Ile ya kizamani ina matundu 8. Nyingi za leo zina pini 21, au 22 za PluX, na vichwa vidogo hutumia Next18. Hazibadilishani. Namna ya kufunga yenyewe si ngumu: unafungua bodi, unang'oa kiplagi kilichowekwa ili kichwa kikimbie kwenye umeme wa kawaida, unachomeka dikoda mahali pake. Dakika kumi, tisa kati yake ni kutafuta skrubu iliyoangukia kwenye zulia.

2. Mota isiyogusana na chuma

Hili ni la wapenda mitumba, na nalisema kwa uchungu. Vichwa vingi vya zamani vilijengwa kiuchumi: upande mmoja wa magurudumu hupeleka umeme moja kwa moja kwenye chasisi ya chuma, na chasisi huupeleka kwenye kaboni moja ya mota. Waya umeokolewa, kiwanda kimefurahi. Kwenye dijitali hiyo ni hukumu ya kifo. Mota inapaswa kupokea umeme kutoka kwa dikoda peke yake, kwa zile nyaya mbili, ya chungwa na ya kijivu. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazokwenda kwenye reli. Kaboni ikigusa chasisi popote pale, umeme wa reli unaingia kwenye dikoda kwa mlango wa nyuma.

Nilinunua kimoja cha namna hiyo mnadani, bodi ya kijani iliyong'aa, nikalehemu nyaya nne kwa ustadi mkubwa, nikawasha. Kikatoa moshi mzuri sana. Tatizo ni kwamba kilikuwa cha dizeli na hakikuwa na mashine ya moshi.

Kwa hiyo: mita ya fundi, ile ya bei rahisi inayolia "pii". Ondoa au tenganisha nyaya za mota, gusisha sindano moja kwenye kaboni, ya pili kwenye chasisi. Ikilia, usifunge dikoda mpaka umeitenganisha. Kisha pima ulaji. Ipe mota volti 12, zuia magurudumu kwa kidole sekunde moja tu, usome ampea. Dikoda za kawaida za H0 na OO huhimili kama ampea 1. Mota za kisasa hukaa chini ya hapo bila shida. Mota kubwa za zamani huipita zikicheka. Kinachopita, kipambe kabatini. Au kifanye kichwa cha mwendawazimu, mjifunzie kunyolea: lehemu yako ya kwanza iharibikie hapo, siyo kwenye kipya.

1. Magurudumu

Shemeji alishangaa. Alitegemea namba moja iwe chipu, au programu, au kitu chenye skrini. Hapana. Ni magurudumu mangapi yanachukua umeme.

Kwenye treni ya kawaida, gurudumu likipita juu ya uchafu, mota inasita kidogo na uzito wake unaivusha. Kwenye dijitali, umeme ukikatika unakata na mawasiliano: ubongo wenyewe umezimika. Ukirudi, unaanza upya kama mtu aliyeamshwa usingizini, taa zinapepesa, sauti inaanza honi tangu mwanzo. Kichwa kifupi cha magurudumu manne kikifika kwenye makutano ya reli, palipo na kile kipande cha plastiki, kinaweza kusimama kabisa, na hapo ndipo kidole cha Mungu hushuka kutoka juu kukisukuma. Kidole changu kina historia ndefu.

Kwa hiyo cha kwanza kiwe cha dizeli chenye magurudumu manane au kumi na mawili yote yanayochukua umeme, kama Class 37 ya Waingereza. Kina nafasi, kina uzito, kina soketi inayofikika. Tena chunguza mipira: baadhi ya vichwa vina magurudumu yaliyovishwa mpira ili yasiteleze, na gurudumu lenye mpira halileti umeme. Kuna kapasita za akiba za kufunga kwenye dikoda, zinazovusha kichwa sehemu chafu kwa nukta kadhaa, nami ninazo kwenye viwili. Lakini kitambaa na spiriti kwenye reli vije kwanza.

Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akikimbize kwenye umeme wa kawaida, polepole kabisa, kitambae. Kikirukaruka hapo, dijitali haitakiponya. Kitakuwa kichwa kibovu chenye namba.

Shemeji alinunua Class 37, iliyofungwa dikoda tayari, rangi ya buluu. Sherehe ilikwenda vizuri hata akajisahau akanunua cha pili wiki iliyofuata, "ili cha kwanza kisiwe mpweke". Jioni hiyo akanipigia video. Mtoto alikuwa anabonyeza namba 3 kuendesha kimoja, na vyote viwili vilikuwa vinakwenda, kutoka pande mbili, kuelekea katikati ya daraja la kadibodi.

Sikuwa nimemwambia. Dikoda mpya hutoka kiwandani zote zikiwa namba 3 mpaka uzibadilishe.

"Yaani," akasema shemeji huku akiokota mabehewa chini ya meza, "hawa watu wamezaa watoto wote wakawaita Juma?"