Barua ya Wazi kwa Kamati ya Uzamili: Naomba Ruhusa ya Kuingia Darasani Mwangu

Spring Valley, Nairobi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Masomo ya Uzamili, Kitivo cha Elimu,
Chuo Kikuu (jina nalihifadhi, si kwa heshima yenu pekee bali kwa usalama wa tasnifu yangu, ambayo bado iko mezani kwenu)

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINTARAFU: PONGEZI

Juni 2019, Chuo Kikuu cha JKUAT kilitunuku shahada za uzamifu 118 kwenye mahafali moja. Nchi ilishtuka, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikatoka ofisini kwake Red Hill Road kwenda kuchunguza ilikuwaje madaktari wengi hivyo wakaiva kwa pamoja. Ninyi hakuna tume itakayowahi kuwashuku kwa kosa la haraka, na ndiyo sababu nawaandikia kuwapongeza.

Ushahidi ninao. Watoto niliowafanyia utafiti walikuwa Gredi ya 4, wale wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ambao serikali iliwarudisha shuleni Oktoba 12, 2020 pamoja na Darasa la 8 na Kidato cha 4, wenzao wakiwa bado nyumbani kwa sababu ya korona. Wakafanya mtihani wa Gredi ya 6. Wakapita sekondari msingi, wakafanya mtihani wa Gredi ya 9. Mwaka huu wa 2026 wameingia Gredi ya 10. Wavulana sauti zimekuwa nzito. Mmoja nilikutana naye karibu na Sarit Centre, akanisalimu kwa adabu, kisha akauliza, "Mwalimu, ulimaliza ile kitu yako?" Nikamjibu kwamba tuko kwenye masahihisho madogo.

Kwa faida ya wajumbe wapya wa kamati (wa zamani baadhi yao wamestaafu wakiwa Sura ya 2), nieleze upya nilichotafiti.

Shule yetu ni ya umma. Asiyeijua Spring Valley hudhani huku hakuna shule ya namna hiyo, maana kinachoonekana kutoka Lower Kabete Road ni kuta, nyaya za umeme juu ya kuta, na maua yaliyomwagiliwa hata wakati wa mgao wa maji. Lakini nyuma ya kuta hizo kuna vyumba vya SQ, na ndani ya SQ kuna familia ya mpishi, ya dereva, ya mtunza bustani. Watoto wao ndio wanafunzi wangu, pamoja na wanaotembea kutoka Kangemi wakikatiza Loresho asubuhi kungali na ukungu.

Kilichonisumbua ni insha. Kila aliyesoma shule ya msingi Kenya anaifahamu insha yetu ya taifa: jua lilichomoza kwa madaha, ndege wakatumbuiza matawini, nikaamka chapuchapu, nikaoga, nikastaftahi. Mwalimu huyaandika mapambo hayo ubaoni, mtoto huyahifadhi, siku ya mtihani huyamwaga yote, mada iwe harusi, ajali ya barabarani au ukame wa Turkana. Mtihani wa KCPE ulipokuwapo, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40, na mtoto aliyejua kumpamba ndege alikuwa na uhakika wa sehemu yake. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Ndege bado wanaimba. Nilitaka kujua jambo moja tu: nikilifunga kabati la mapambo, na mtoto akasimulia kwanza kwa mdomo kitu alichokiona kwa macho yake, ataandika nini?

Utafiti wa namna hii, wa mtu kuichunguza kazi yake mwenyewe akiwa ndani yake ili airekebishe, haukuzaliwa Spring Valley. Kurt Lewin aliuandikia makala huko Marekani mwaka 1946. Mwingereza Lawrence Stenhouse alitoa kitabu mwaka 1975 akishikilia kwamba mtaala hauwezi kukua mpaka mwalimu auchunguze darasani mwake. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi yake ya elimu Dar es Salaam tangu 2006, na walimu wa kanda hii huenda huko na kutafiti mambo madogo madogo ya darasani. Nanyi katika tangazo lenu mlisema shahada yenu ni ya mwalimu anayetafiti kazi yake. Nikalipa karo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kibali. Hapo sina neno. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni, leseni hutolewa na NACOSTI, majirani zetu wa Upper Kabete, na mtu asiyejulikana kweli hafai kuachiwa watoto wa wenyewe. Kibali humtaka mwenye nacho aripoti kwa Kamishna wa Kaunti na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kuanza. Ninyi mkaongeza barua ya kunitambulisha kwa mwalimu mkuu, ikieleza kwamba mimi ni mtu mwaminifu na kwamba niruhusiwe kufika shuleni. Wiki hiyo nilikuwa wa zamu. Nilimpelekea barua kengele ikiwa mkononi. Mwalimu mkuu aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama kuna mtu yeyote hapa shuleni anayeweza kunidhamini.

Fomu yenu ya idhini nayo ilitaka sahihi ya mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa ni mimi. Basi niliketi baada ya vipindi nikajieleza madhumuni ya utafiti, nikajihakikishia usiri, nikajifahamisha kwamba ushiriki wangu ni wa hiari na kwamba naweza kujitoa wakati wowote pasipo kuadhibiwa. Tangu hapo kuna siku nyingi ambazo nimetamani kuitumia haki hiyo.

Sasa nije kwenye insha yenyewe. Aprili 2020 serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, na kafyu ikiwapo usiku, wafanyakazi wengi wa nyumbani waliambiwa wachague: walale kazini au wabaki kwao bila kazi. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa mama anayepika katika nyumba moja huku juu, aliandika jinsi mama alivyochagua kulala kazini. Jioni binti alikuwa akifika getini, bawabu anafungua kidirisha, mama na mwana wanazungumza hapo mpaka saa ya kafyu ikikaribia. Chapati zilipita chini ya geti zikiwa zimefungwa kwa pakiti ya unga iliyochanwa. Aliandika kwamba alijifunza kuwajua watu kwa viatu, kwa kuwa kidirisha kilikuwa juu kuliko kichwa chake. Insha hiyo ilijaa kurasa mbili, kutoka kwa mtoto ambaye awali alikuwa akikwama jua likishachomoza. Hapakuwa na ndege hata mmoja ndani yake.

Niliileta mbele ya jopo lenu. Jibu lilikuwa: hiyo ni hadithi, si data.

Mjumbe mmoja, mtu mpole kabisa, aliuliza sampuli yangu nimeipataje. Nikasema ni darasa langu. Akauliza kwa nini sikutumia jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Nikasema jedwali lile humsaidia mtu kuchagua wachache kutoka kwa wengi, nami nilikuwa nao wote, asubuhi hadi alasiri, nawajua kwa majina na kwa mwandiko. Akatikisa kichwa kwa huruma. Hapo ndipo penye tatizo, akasema: unawajua mno, huo ni upendeleo wa mtafiti. Nikaelekezwa nitafute shule nyingine, nitumie hojaji, na nikae mbali na wahojiwa kadiri iwezekanavyo.

Mimi ni mtiifu. Rasimu ya hojaji nimeiambatisha. Swali la kwanza linasema: "Mama yangu alikuwa upande wa pili wa geti." Mtoto atachagua moja: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Swali la pili linapima kiwango cha kuridhika na chapati. Msiwe na wasiwasi kuhusu uthabiti wa chombo. Nitalirudia swali la geti kwa maneno tofauti tofauti mpaka alfa ya Cronbach ivuke 0.7.

Lakini kilichonishinda kabisa kwa uzuri ni kiolezo chenu cha tasnifu. Nilipokisoma nilijua niko nyumbani. Usuli lazima uanze duniani, upitie Afrika, uingie Kenya, ndipo ushuke kaunti. Hivyo kabla ya kufika Lower Kabete Road nimezunguka Finland, Singapore, Afrika Kusini na Ghana, na huko kote nimekuta kwamba uandishi wa watoto una changamoto. Kisha lazima nitangaze pengo. Kisha utafiti huu uliongozwa na malengo yafuatayo. Kisha matokeo ya utafiti huu yatawafaa watunga sera, wakuza mitaala, walimu, wazazi na wadau wengine. Mheshimiwa Mwenyekiti, huyo ndiye ndege wetu akitumbuiza matawini! Ninyi mmenifanyia kile kile nilichokuwa nimewakataza watoto, na mmekifanya kwa ustadi kunishinda: mmeyaandika mapambo ubaoni, mmenipa alama kwa kuyahifadhi, na mahali pekee nilipoandika nilichokiona mmepazungushia kalamu nyekundu.

Hata "mimi" mmeifuta. Kila nilipoandika "nilimwona mtoto akifuta sentensi" mmeweka "ilibainika kuwa sentensi ilifutwa." Na nani? Wasomaji watadhani mvua. Stenhouse naye ameondoka, kwa kuwa marejeo yasizidi miaka 5; badala yake nimemtaja mtu wa mwaka 2022 anayesema kwamba Stenhouse aliwahi kusema.

Halafu kuna ukurasa wa tamko. Hapo natakiwa kuapa kwamba tasnifu hii ni kazi yangu asilia na haijawasilishwa katika chuo kingine chochote, na maneno ya kiapo nimepewa tayari, yale yale anayopewa kila mtahiniwa, nisiongeze wala nisipunguze. Turnitin, ile programu ya kusaka maandishi yaliyonakiliwa, iliyapaka rangi yote. Nikaandikiwa barua nieleze kwa nini tamko langu la uasilia limenakiliwa.

Mjini kuna vijana wanaoifahamu kazi hii ya kuandika tasnifu kuliko mimi. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, akikutana jijini hapa na Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani kazi zao za chuo. Nimezungumza na kijana mmoja wa kazi hiyo, mstaarabu, ana shahada yake mwenyewe isiyompa ajira. Nikamwonyesha maoni ya jopo. Alisema tatizo langu ni dogo sana: tasnifu inasomeka kama mtu alikuwapo. Akajitolea kuisafisha kwa bei nafuu. Nilikataa, lakini nimebaki nikistaajabu, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa langu angeipitisha kwenu kwa urahisi kuliko mimi niliye ndani yake kila siku.

Mtauliza basi ninang'ang'ania nini. Si cheo. Tangu miongozo ya mwajiri wetu, TSC, ya mwaka 2017, shahada ya ziada peke yake haimpandishi mwalimu ngazi, na pale stafurumu walishanieleza jambo hilo kwa vicheko. Ninang'ang'ania kwa sababu utafiti ulijibu swali langu. Watoto wakisimulia kwanza wanaandika. Wakianzia kwenye mapambo wanapamba. Mwalimu wa Gredi ya 5 aliliona hilo kwenye madaftari waliyompelekea, akaanza kufanya hivyo hivyo bila kusubiri mtahini wa nje. Mbinu imekwisha kuvuka ukuta wa darasa langu, nayo haina kibali.

Kama kamati inaona vyema, nina maombi machache. Mniruhusu niseme "mimi" mahali ambapo ni mimi. Darasa liitwe darasa, lisiitwe eneo la utafiti lililoteuliwa kimakusudi. Msimamizi wangu, huyu wa sasa au atakayefuata, aje siku moja akae dawati la nyuma. Matatu kutoka Westlands zinapita karibu na lango letu, na barua ya utambulisho nitamwandikia mwenyewe, kwa kuwa nina uzoefu. Kama hayo ni mazito, basi libadilisheni lile tangazo lenu, mseme shahada hii ni ya mwalimu anayetafiti kazi ya mtu mwingine, kwingineko, asiyemjua.

La mwisho ni dogo. Nimekwenda kwa fundi wa kujalidi pale River Road kuulizia bei ya jalada jeusi lenye herufi za dhahabu. Jina langu amekubali kulichapa mapema. Anachoomba ni mwaka wa kuandika mgongoni, na amesema akishaupiga haufutiki. Naomba mnijulishe nimwambie upi.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Spring Valley