Paa Kwanza, Sola Baadaye: Mwongozo kwa Mwenye Kempa Kuukuu

Kijana mmoja wa kwetu Tanga, anayeishi Oregon, alinipigia simu mwezi wa nne. Alikuwa amenunua kempa ya mwaka 1994, ile nyumba ndogo inayopakiwa mgongoni mwa pikapu, yenye kitanda juu ya kichwa cha gari, jiko la gesi, friji, na meza inayogeuka kitanda cha mtoto. Alitaka kujua anunue sola ya wati ngapi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Paa umelikagua?"

"Paa zima kabisa, mjomba. Kuna kiharufu tu."

"Kiharufu cha nini?"

Akanyamaza kidogo. "Kama soksi za mpira zilizosahauliwa begini."

Habari za sola zikaishia hapo. Kempa inayonuka soksi ni kempa inayokunywa maji, na ikishaanza kunywa haitosheki. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kempa kuukuu, mwongozo huu unaanzia juu ya ngazi, na hautashuka mpaka paa likauke.

Kempa nyingi za zamani za Marekani na Kanada ni fremu ya mbao nyembamba, iliyovikwa bati la alumini kwa nje na plaiwudi kwa ndani, katikati sponji ya kuzuia baridi. Bati litakuzika wewe na wajukuu wako. Kinachooza ni mbao, nayo huozea gizani. Maji hupenya kwenye matundu ya skrubu za pembeni, chini ya fremu za madirisha, pembezoni mwa tundu la hewa la darini, na pale nyaya za taa za mbele zinapopita. Yakishaingia hufuata mbao na kwenda kudondokea mbali na tundu lake. Anayeziba pale tone linapoonekana anamfunga jamaa wa mwizi huku mwizi mwenyewe amekaa darini.

Chukua bisibisi. Panda kwenye kitanda cha juu, ulale chali, ugonge pembe zote za mbele kwa mpini. Mbao nzima hujibu. Mbao iliyooza hunyamaza, na ukiisukuma kwa ncha, bisibisi inazama kama kidole kwenye mkate uliochovywa chai. Tazama pia doa la kahawia lenye ukingo mweusi, plaiwudi iliyovimba, na ukuta wenye mawimbi kama bahari ya kusi. Kisha toka nje ukague mahali jeki zilipofungwa. Jeki nne hizo ndizo zinazoinua kempa nzima kutoka kwenye gari, nazo zimeshikwa na skrubu zilizokaa kwenye mbao za pembe. Pembe ikioza, jeki hung'oka na nyumba ikakuangukia ukiwa chini yake. Hapa sifanyi utani hata kidogo.

Sasa tuje kwa bwana silikoni. Karibu kila kempa kuukuu imepitia mikononi mwa mtu mmoja mwenye bomba la silikoni na imani kubwa. Ikivuja, anapaka. Ikivuja tena, anapaka juu ya alichopaka, hadi pembe inafanana na mshumaa uliokesha msibani. Mtu huyo hakuziba kitu. Alifuga kuvu, akamfungia mlango asipate baridi. Silikoni iliyopakwa juu ya uvujaji huziba njia ya maji kutoka, si ya kuingia. Na juu ya silikoni kuukuu hakishiki kitu kingine chochote, hata silikoni mpya, ndugu yake wa tumbo moja. Lazima ikwanguliwe yote. Kwangua kwa kipande cha plastiki, usikwangue kwa kisu ukachana bati, halafu safisha kwa spiriti.

Kazi ya kweli inakwenda hivi. Chomoa utepe wa mpira uliofunika skrubu kwenye ukanda wa alumini wa pembeni. Utakuta skrubu zimeshika kutu, na nyingine zimekatika vichwa. Ng'oa ukanda wenyewe. Chini yake kuna gundi ya kiwandani iliyokauka, inapukutika kama rangi ya mtumbwi uliosahauliwa juani. Fungua ukuta pale penye uozo, kata mbao mbovu mpaka ukutane na mbao nyeupe isiyonuka, unga kipande kipya kwa gundi na skrubu. Washa feni. Acha ikauke siku kadhaa, na usiwe na haraka, kwa sababu unyevu ukiufungia ndani utarudi pale pale mwakani. Ndipo utandike utepe wa butili, ule wa kijivu unaonata kama ulimbo, urudishe ukanda, ufunge skrubu mpya zisizoshika kutu, moja baada ya moja, polepole. Butili itajikamua pembeni. Kesho yake kaza tena kidogo, itajikamua tena. Kata kilichozidi. Huko juu ya paa, kwenye vichwa vya skrubu na kando ya matundu, mimina gundi maalumu ya paa inayojisawazisha yenyewe. Baada ya hapo panda ngazi mara mbili kwa mwaka ukague. Pembe moja ukiifanya vizuri itakula wikiendi nzima, na pembe ziko nne.

Umemaliza? Haya, sasa tuongee sola.

Anza na taa kwa kuwa ni rahisi. Balbu ya zamani ya kempa hula karibu wati 18, ya LED inayotoa mwanga wa kutosha hula wati 2 au 3. Ukibadilisha balbu zote umeongeza maisha ya betri bila kununua betri. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. Ya lithiamu itakupa karibu chote ilicho nacho, lakini isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi joto 0, na chaja ya mwaka 1994 haikuzaliwa kwa ajili yake, kwa hiyo nunua chaja inayoendana nayo. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Na paneli, nakuomba kwa heshima zote, usiende kutoboa matundu kumi mapya kwenye paa ulilotoka kuliziba. Kila skrubu iketi juu ya butili na ifunikwe gundi.

Gesi haina mjadala mrefu. Propani ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, ndiyo maana king'ora chake huwekwa chini karibu na miguu yako. King'ora huzeeka, tazama tarehe nyuma yake, na kikipitwa na wakati kitupe. Cha kaboni monoksidi vilevile. Viungo vya bomba vipake povu la sabuni, na penye mapovu yanayokua usilale humo. Friji ya gesi inataka gari lisimame sawasawa. Ukiegesha kwenye mteremko haigandishi, na ukizoea kuiendesha hivyo itaharibika.

Uzito unaua wengi wasiojua kuhesabu. Namba iliyoandikwa kwenye kempa kwa kawaida ni ya kempa tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni sawa na kumpakia mtu mzima mnene. Ongeza betri, mitungi, sufuria, mke, watoto, mbwa. Soma kibandiko kwenye mlango wa dereva, kisha nenda kwenye mizani ya malori ukapime ikiwa imejaa. Tairi nazo zina siri ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2314 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi yenye kashata nzuri lakini umri wa mzee inapasuka barabarani.

Mwandishi John Steinbeck alizunguka Marekani mwaka 1960 kwa pikapu ya GMC yenye kempa mgongoni, akaiita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Gari hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Salinas, California. Liko ndani, chini ya paa. Ukipata nafasi ya kujenga banda la bati juu ya kempa yako, jenga kabla hujanunua kitu kingine chochote. Hakuna kifaa dukani kitakachoirefushia maisha kama banda.

Yule kijana alifungua pembe mbili za mbele mwezi wa tano na kukuta mbao za mita nzima zimekuwa uji. Alizibadilisha zote. Sola aliifunga mwezi wa nane, na harufu ya soksi imekwisha. Huko Oregon mvua hurudi Oktoba. Kama kempa yako iko uani na hujapanda ngazi mwaka huu, panda Jumamosi hii, na bisibisi mkononi.