Itikadi Zinazofanya Kazi Ndama: Mwongozo kwa Mtia Nia

Umehitimu, umerudi Ndama, na sasa unautaka udiwani. Hongera. Yale ya chuoni kuhusu mrengo wa kushoto na wa kulia yafungie kabatini. Ukiwaambia wazee kwamba wewe ni wa kushoto, watasubiri waone utawapa mkono upi.

Anza na sarufi, maana ndiyo itakayokuonyesha nani wa kumpenda. Kila imani huvikwa u-: ujamaa, ubepari, ukabaila, uzalendo. Wafuasi ndio huchambuliwa. Wema hupewa m- na wa-: mjamaa, mzalendo, mkereketwa. Wabaya hurundikwa kwenye ma-, pamoja na mawe na magunia: mabepari, makabaila, mabeberu, mabwanyenye, mafisadi. Wanyonyaji na wahujumu wameponea kwa kuwa majina yao yametokana na vitenzi. Hao angalau inajulikana wanachofanya. Makada na makamanda ni watu wetu, kwa hiyo sarufi haiwahusu.

Neno bepari halina madhara. Huku ni mtu yeyote mwenye gari ambaye hajakupa lifti. Kabaila ndilo la kuogopa. Mkoa huu wa Kagera, ulipokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, uliujua ukabaila kwa jina lake la nyumbani, nyarubanja: ardhi ilikabidhiwa wakubwa, na aliyekuwa akilima pale akajikuta mpangaji kwenye migomba yake mwenyewe. Machifu waliondolewa madarakani mwaka 1963, na sheria za miaka hiyohiyo ya 1960 zikaizika nyarubanja. Walioilipia kodi wana wajukuu, na walioipokea wana wajukuu pia. Usimwite mtu kabaila kabla hujajua babu yake alikaa upande gani. Anaweza kuwa mwenyekiti wa tawi lako.

Kujiita mjamaa ni ruksa kabisa. Katiba, ibara ya 3, bado inasema nchi hii ni ya kijamaa, na hakuna aliyejisumbua kulifuta neno hilo. Angalizo ni moja tu: usilifanyie kazi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 chama tawala, CCM, kilikutana Zanzibar kikalegeza kamba, kwa hiyo leo unaweza kuwa mjamaa mwenye gesti Kayanga na dhamira safi.

Upande wa pili usikuchanganye. CHADEMA, kilichoasisiwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kimo katika umoja wa kimataifa wa vyama vya kulia, kundi moja na wahafidhina wa Uingereza. Wanachama wake huvaa magwanda, huitana kamanda na kupaza sauti ya nguvu ya umma. Kwa ufupi, wajamaa wana gesti na wahafidhina wana magwanda. Mpiga kura akikuuliza tofauti iko wapi, mwambie swali zuri, kisha omba wimbo. ACT-Wazalendo walilihuisha Azimio kule Tabora mwaka 2015 na inaonekana walilisoma kwanza, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu kwenye kampeni.

Mtihani wenyewe ni kahawa. Gunia moja la kahawa ya maganda limebadili itikadi mara nyingi kuliko mwanasiasa yeyote wa Kagera, nalo halijatoka Kyerwa. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukikutwa nalo njiani usiku ulikuwa mhujumu uchumi. Akaja Mzee Mwinyi na ruksa yake, na miaka ya 1990 gunia likawa soko huria. Mwaka 2018 serikali ikaamuru kahawa ipitie vyama vya msingi na kufika KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, basi gunia likarudi kuwa magendo, hasa likionekana linaelekea Murongo kuvuka mto Kagera kwenda Uganda. Mwenye gunia hakuwahi kubadili imani. Yeye anafuata bei.

Kwa hiyo kariri sentensi mbili. Mkutanoni: ushirika ndio mkombozi wa mkulima. Baa: Waganda wananunua shilingi ngapi? Halafu kuna butura, yaani mkulima kuiuza kahawa ikingali maua mtini kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Jukwaani laani butura kwa nguvu zote. Ila uliza kwanza nani amelipia jukwaa. Akiwa ndiye mnunuzi wa butura, mwite mdau. Wadau ni neno pana mno: ndani yake hukaa kupe, ng'ombe na mwenye josho, na wote huletewa chai.

Hapo kwenye kupe tusimame kidogo. Enzi za Azimio, kupe lilikuwa tusi: mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Leo tunaye chawa, mdudu wa tabia ileile, na wapo wanaojitangaza chawa wa fulani bila aibu, wakitarajia pongezi. Usimchanganye na mkereketwa. Mkereketwa hula kwake ndipo aje mkutanoni. Chawa huja mkutanoni ili ale.

Wanaohama chama wana kanuni rahisi. Aliyetoka upinzani kuja CCM anaunga mkono juhudi. Aliyetoka CCM kwenda upinzani ana njaa. Zingatia mwelekeo, usizingatie hoja.

Yote haya ni mapambo, lakini. Siku utakapoanza kushinda, hakuna atakayekuita bepari wala beberu. Mtu atauliza kwa upole, pembeni ya kikao: hivi babu yake alitokea wapi? Tuko mpakani, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ya kusaka wahamiaji haramu ilipopita mkoani wengi waliulizwa hivyo bila upole. Mwandishi Jenerali Ulimwengu alikwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, na bado mwaka 2001 akatangaziwa kwamba si raia. Uzalendo wa huku hupimwa kwa makaburi. Basi kabla ya ilani, tafuta cheti cha ubatizo cha bibi yako parokiani na majirani wazee wanaomkumbuka. Toa nakala za kutosha. Cheti halisi usimwachie katibu wa kata, hata akiwa wa chama chako. Hasa akiwa wa chama chako.